Kununua Rahisi Si Rahisi

Alichota omena, dagaa wa ziwani, kwa kiganja, akaziinua hadi usawa wa kifua, kisha akaziachia zidondoke taratibu kati ya vidole. Macho yake hayakuzifuata omena zilizokuwa zikirudi guniani. Yalibaki mkononi. Ya mwisho ilipodondoka alikifungua kiganja, akakielekeza juani na kukichungua kama mtu anayesoma barua kutoka nyumbani. Palikuwa na magamba machache yakimetameta, na chembe tatu nne za mchanga. Akajipangusa kwa leso, akamwambia muuzaji kwa Dholuo maneno ambayo nilitafsiriwa baadaye: "Hizi zilianikwa chini, lakini aliyezianika alitandika wavu."

Muuzaji akacheka, akatikisa kichwa kukubali. Ndivyo ilivyokuwa.

Nilikuwa nimesimama nyuma yao, begi mgongoni, shilingi 500 mfukoni za kunilisha siku tatu, na lile swali langu ninaloliuliza katika kila soko: bei gani? Mama wa rafiki yangu, aliyenipokea nyumbani kwake Kombewa, alikuwa hajaliuliza bado. Tulikuwa tumepita kwenye magunia matatu, robo saa imekwisha, na neno bei halijatamkwa. Hapo ndipo nilipoanza kuelewa kwamba niliyekuwa namtazama ni fundi, kama yule seremala anayepapasa ubao kwanza kabla ya kushika randa.

Majirani humwita Nyar Alego, binti wa Alego, kwa desturi ya Waluo ya kumwita mwanamke aliyeolewa kwa jina la kwao. Mimi nilimwita Mama. Yeye aliniita nyathina, mwanangu, na tangu siku ya kwanza aliamua kwamba mtu anayesafiri na pesa kidogo bila kujua kununua ni mtu wa kuhurumiwa, halafu wa kufundishwa.

Kombewa iko Seme, katika Kaunti ya Kisumu, kando ya barabara ya kwenda Bondo. Ukitoka mjini unaifuata barabara ya Busia hadi Kisian, hapo matatu inapinda kushoto na kukimbia na ghuba ya Winam upande mmoja na mawe makubwa ya Seme yakianza kujitokeza mbele. Sisi watu wa pwani hulihisi joto la Kisumu tukadhani tungali bondeni, kumbe uso wa ziwa lenyewe uko mita zipatazo 1,134 juu ya usawa wa bahari. Wasafiri wenye mabegi mgongoni hufika huku kwa ajili ya Kit Mikayi, lile rundo la miamba lililo si mbali na Kombewa. Jina lake ni jiwe la mke wa kwanza. Wenyeji husimulia habari za mzee Ngeso, aliyelipenda jiwe hilo hata akawa anashinda kwake kila siku, na watu walipomuulizia nyumbani mkewe alijibu kwamba amekwenda kwa mikayi wake.

Wanasayansi nao wanaijua Kombewa kwa sababu nyingine. Kituo cha utafiti cha hapa, chini ya KEMRI, taasisi ya Kenya ya utafiti wa tiba, na washirika wake, kilikuwa kimoja kati ya vituo 11 katika nchi 7 za Afrika vilivyoijaribu chanjo ya malaria ya RTS,S katika awamu ya tatu iliyoanza mwaka 2009. Shirika la Afya Duniani liliipendekeza chanjo hiyo mwaka 2021. Ni mahali palipozoea vipimo vya uangalifu. Nami nilikuja kutazama jiwe, nikaishia kutazama kipimo kingine, cha bati, kilichokaa juu ya gunia la omena.

Kiswahili kina neno moja kwa mambo mawili. Kitu cha bei ya chini tunakiita rahisi, na kazi isiyo na uzito tunaiita rahisi pia. Kwa Kiarabu, neno lilikotoka, rakhis ni kitu cha bei ndogo; huo wepesi wa kazi tumeuongeza wenyewe. Nadhani nyongeza hiyo imetudanganya kwa muda mrefu. Imetufanya tuamini kwamba anayenunua vitu vya bei rahisi anafanya kazi rahisi, na kwamba mama aliyelisha watu sita kwa shilingi 200 alifanya hivyo kwa kuwa hakuwa na budi, kana kwamba hakuna alichokijua. Siku zangu za Kombewa ziliniondolea imani hiyo.

Tuanze na gorogoro, maana kila kitu kinaanza hapo.

Gorogoro ni mkebe. Kwa kawaida ulikuwa mkebe wa mafuta ya kupikia wa kilo mbili, mafuta yakaisha, mkebe ukaanza maisha ya pili yaliyo marefu kuliko ya kwanza. Hupimiwa mahindi, maharagwe, mtama, njugu na omena. Ukijazwa mahindi hukaribia kilo mbili. Ukijazwa omena kavu huwa mwepesi mno, na asiyejua hudhani ameibiwa. Nilipokuwa mdogo Malindi, bibi yangu alikuwa bado akisema kibaba na pishi, vibaba vinne pishi moja, ingawa dukani walishauza kwa kilo. Sote tumekariri kwamba haba na haba hujaza kibaba, lakini wachache tumewahi kukiona hicho kibaba kikijazwa. Kombewa nilikiona, kwa jina lingine, na nikaona kwamba kujaza kuna elimu yake.

Mama hakuukubali mkebe kabla ya kuusalimia. Aliuchukua, akaupindua, akapitisha vidole chini ya kitako. Kitako kilichogongwa kwa nje huingia ndani, na kila kilichoingia ndani ni kiganja cha omena ambacho mnunuzi amelipia na hakukipata. Kisha akaugeuza na kuutazama mdomo. Mdomo uliopondwa ukawa yai hubeba kidogo kuliko mdomo wa duara, na tena kilele chake hubomoka upesi. Alifanya hayo yote huku akiulizia afya ya watoto wa muuzaji, na muuzaji akijibu kwa furaha, bila hata mmoja kuona kwamba pana jambo la kuoneana haya. Ukaguzi ulikuwa ni sehemu ya maamkizi.

Ukaja wakati wa kujaza. Kwa mahindi, alinieleza, mnunuzi mwerevu humwomba muuzaji autikise mkebe, maana punje zikitikiswa hukaa chini na nafasi hupatikana ya kuongeza. Nikadhani omena nazo ni hivyo hivyo. Nikanyoosha mkono nizishindilie.

"Wacha, nyathina. Omena hazishindiliwi."

Akanionyesha kwa nini. Omena iliyokauka vizuri huvunjika kama kijiti. Ukizikandamiza utapata nyingi mkebeni, lakini utakuwa umenunua vichwa na unga. Vichwa na unga huzama chini ya sufuria na kutia uchungu kwenye mchuzi. Mwenye pupa hujiibia mwenyewe. Kinachotakiwa ni kuziacha zilale zinavyotaka, kisha kujenga kilele juu.

Na kilele hicho ndicho nilichosafiri kukiona bila kujua. Muuzaji aliuzungushia mkono wake wa kushoto mdomo wa gorogoro, mkono ukawa ukuta. Kwa mkono wa kulia akawa anamimina kidogo kidogo, omena zikaegemea ukuta ule wa nyama, zikapanda, zikafungamana mikia kwa vichwa. Kisha akauondoa mkono polepole sana, kidole baada ya kidole, na kilele kikasimama peke yake kama kichuguu. Omena mbili tu ndizo zilizoteleza. Mama alikitazama kwa ridhaa ile ile ambayo nimewaona watu wakitazama mashua mpya ikiingizwa majini. Akasema neno moja: "Medna." Niongezee. Muuzaji akaongeza kiganja, na hicho hakikupitia mkebeni. Kilikwenda moja kwa moja kwenye mfuko.

Ndipo bei ikaulizwa, ikatajwa, na ikalipwa kama ilivyotajwa.

Njiani nikauliza kwa nini hakuomba apunguziwe. Akasimama kabisa barabarani ili anijibu. Akasema ukimvunja mtu bei, ataitafuta pesa yake mahali pengine, na mahali palipo karibu zaidi ni kipimo. Wiki ijayo mkono wake utakuwa mfupi pembeni ya mkebe. Lakini ukimwachia bei yake na ukamwomba nyongeza, umempa nafasi ya kukupa kitu kwa hiari, na mtu akishakupa kitu kwa hiari anakukumbuka. Mimi ninayesafiri nimejifunza kubishana bei kama mchezo wa nguvu. Yeye anabishana juu ya kiganja kimoja, kwa neno moja, na hajashindwa.

Nyongeza hiyo ina ndugu mbali sana na hapa, katika jiji la La Paz, Bolivia, lililoning'inia milimani kwenye mita zipatazo 3,600, ambako wasafiri wa pesa kidogo hufika wakihema kwa uhaba wa hewa. Akina mama wa masoko ya kule hukaa chini na bidhaa zao mbele, na desturi yao ina jina: yapa, ile nyongeza anayopewa mnunuzi baada ya kulipia. Na mnunuzi wa kila siku humwita muuzaji wake casera, na muuzaji naye humwita mnunuzi casera, neno moja kwa pande zote mbili. Anayeijua Kenya hatashangaa. Sokoni kwetu muuzaji humwita mnunuzi kastoma, na mnunuzi naye, bila kufikiri, humwita muuzaji kastoma yangu. Wasomi wa uchumi wangetaka kumtenganisha anayeuza na anayenunua. Masoko haya mawili yasiyofahamiana yamekataa. Yamegundua, kila moja kivyake, kwamba watu wawili wanaorudiana kila wiki kwa miaka kumi wamekuwa kitu kimoja, na kitu hicho kinastahili jina moja.

Kuna undugu mwingine pia. Watu wa milima ile hutengeneza chuño, viazi wanavyoviacha nje vigandishwe na baridi kali ya usiku, kisha vikamuliwe maji kwa kukanyagwa na kukaushwa na jua la mchana, hadi viwe vyepesi na vya kukaa muda mrefu. Wao wana baridi, sisi tuna jua la ziwa. Kote kuwili, chakula cha mtu asiye na jokofu kimetengenezwa na anga, na anayekinunua lazima aijue anga.

Mama anaijua. Omena huvuliwa usiku kwa taa. Zamani zilikuwa karabai, siku hizi ni taa za umeme wa jua na betri. Samaki hawa wadogo huufuata mwanga, wavuvi wakazungusha wavu. Lakini mwezi ukiwa mpevu, ziwa zima lina mwanga, taa ya mvuvi haiiti tena, na mashua nyingi hupumzika. Siku hizo omena huadimika na bei hupanda. Kwa hiyo mwanamke wa Seme akiinua macho jioni na kuona mwezi umejaa, haoni pambo la angani pekee. Anaona bei ya kesho kutwa. Mama hununua siku za giza, akiba ya kumvusha siku za mbalamwezi.

Juu ya kalenda ya mwezi iko kalenda ya mwaka. Kati ya Aprili na Julai serikali huufunga uvuvi wa omena upande wa Kenya ili samaki wazaliane. Miezi hiyo huanza wakati wa mvua ndefu, na omena iliyonyeshewa ikiwa bado kwenye wavu wa kuanikia hugeuka rangi ya kutu, ikavunda kwa ndani, ikaishia kuwa chakula cha kuku na nguruwe. Omena njema ni ya Januari na Februari, jua linapochoma ufuo tangu saa tatu asubuhi na samaki hukauka kwa siku moja. Ina rangi ya fedha, tumbo lake halijapasuka, na ukiivunja inalia. Mama huivunja moja sikioni. Mara ya kwanza nilidhani ni mzaha. Nilipojaribu mwenyewe, niliusikia mlio: mkavu, mfupi, kama kucha ikigonga bati. Ile mbovu hainyamazi tu, inapinda.

Hapa lazima niseme jambo ambalo kulificha kungekuwa ni kuupamba ufundi na kumsahau fundi. Kabla omena haijafika kwenye gunia la Kombewa, kuna mwanamke aliyeamka alfajiri akashuka ufuoni, Asat au kwingineko, kuwangojea wavuvi. Kwenye fuo nyingi za ziwa hili bei haikuwa pesa peke yake. Samaki wanapoadimika kuna wavuvi wanaodai mwili wa mnunuzi kabla ya kumuuzia, na jambo hilo lina jina linalojulikana na kila mtu hapa, jaboya. Wanawake hawakunyamaza. Huko Nduru, kwenye ufuo huu huu wa Kenya, mwaka 2011 walianza kupata mashua zao wenyewe ili mvuvi awe mwajiriwa wao. Mafuriko ya mwaka 2020 yaliwaharibia mengi. Lakini fikra yao ilikuwa sahihi kabisa: anayejua kuchagua, kupima na kungoja hapaswi kulipia chochote zaidi ya bei. Kila ninapokumbuka kile kilele kilichosimama juu ya gorogoro, nakumbuka pia safari ya usiku iliyokileta.

Turudi sokoni. Mboga hazikutuchukua muda. Mama alipita haraka kwenye mafungu ya osuga, dek na apoth, ambazo kwingine Kenya huitwa managu, saga na mrenda, akachagua dek yenye majani yaliyotobolewa na wadudu. Nikaona kasoro. Akaniuliza kama ninataka kula kitu ambacho mdudu amekikataa. Nyanya alinunua za aina mbili katika fungu moja kwa ruhusa ya muuzaji: tatu zilizoiva kwa jioni ile, mbili zenye bega la kijani kwa kesho kutwa. Samaki wabichi tuliwapita siku ile kwa sababu ya mfuko wangu, lakini hakunipitisha bila somo. Akafunua shavu la ngege mmoja nione wekundu wake, akabonyeza nyama kwa kidole gumba, shimo likajaa tena mara moja. "Huyu amelala ziwani," akasema. Wa pili alibonyezwa na shimo likabaki.

Na kwa msafiri asiye na kitu alikuwa na ushauri wa mgongo wazi. Mbuta, samaki mkubwa aliyeingizwa ziwani katika miaka ya 1950 na 1960, alizaa viwanda vya minofu vilivyopeleka nyama yake ng'ambo. Mifupa ikabaki, na kichwa, na kile kinono kinachoshikilia mifupa. Wanawake wa Obunga, mjini Kisumu, waliichukua, wakaikaanga, wakaiita mgongo wazi, na mji mzima ukajifunza kuifyonza. Mama hainunui iliyokaangwa tangu asubuhi. Hungoja karai lililo motoni, akachagua mgongo ulio na shingo nene, kwa sababu kisu cha kiwandani huwa na haraka pale shingoni na huacha nyama.

Jumapili tulikwenda Kibuye. Mkanda wa begi langu ulikuwa umekatika Kit Mikayi nikipanda, na begi la msafiri likikatika safari nayo imekatika. Kibuye ni soko kubwa la wazi la Kisumu, na Jumapili hufurika: mitumba, vitanda, kuku, sufuria, baiskeli, majembe. Nilitaka kununua begi la kwanza lenye rangi nzuri. Mama akanishika kiwiko.

Kwenye mitumba kuna lugha yake. Robota likifunguliwa, nguo za mbele, zile safi zinazokimbiliwa na wenye vibanda, huitwa kamera. Zinazobaki mwisho kabisa ni fagia. Mama hatafuti kamera, kwa kuwa kamera ina bei ya wanaoharakisha. Hutafuta kamera iliyopotelea kwenye fagia, na kwa hilo anahitaji vidole kuliko macho.

Alichukua begi la kijivu lisilovutia. Akaligeuza ndani nje. Hakutazama kitambaa, alitazama mshono, mahali pale mkanda unapoungana na mgongo. Kwenye mabegi manne aliyoyakataa, mshono ulikuwa mstari mmoja. Kwenye hili ulikuwa mraba wenye msalaba ndani yake. Akakwaruza uzi kwa ukucha, haukunyanyuka nyuzinyuzi. Kisha akaifunga na kuifungua zipu mara kumi, macho yake yakiwa kwingine, akimtazama mtoto mmoja aliyekuwa akilia. Alikuwa anasikiliza. Mwisho akaweka ndani ya begi kila kitu tulichokuwa tumenunua, pamoja na kilo mbili za sukari, akaliinua kwa mkanda mmoja tu na kulitikisa kwa nguvu, mara tatu, sikio lake karibu na mshono.

"Uzi ukitaka kukatika, husema kwanza," akaniambia. Uzi ule haukusema kitu.

Alilipa bei iliyotajwa, akaomba medna, na muuzaji wa mabegi, kijana aliyekuwa na cheko la mtu aliyekamatwa, akatupa kamba ya kufungia. Kamba hiyo ninayo mpaka leo.

Nilimuuliza kama hangoji jioni, wakati wauzaji wa nyanya wanapotupa bei wasirudi na mzigo. Wasafiri wengi tunajivunia hila hiyo. Alinijibu kwamba jioni huenda, ndiyo, kwa kuwa jioni fungu huwa kubwa. Lakini hamwambii muuzaji kwamba jua linazama. Muuzaji analiona jua mwenyewe. Na asubuhi akiwa wa kwanza kwenye meza ya mtu, haondoki bila kununua, hata kitunguu kimoja, kwa sababu yeye ndiye anayemfungulia, na siku ya mtu haifungwi kwa mkono uliokuja kuifungua. Nilitambua basi kwamba ufundi wake una ukingo. Kuna faida anazoziona waziwazi na haziokoti.

Ile jioni ya siku ya soko la Kombewa alipika zile omena. Alizimwagia maji ya moto, akaziosha mara nne, na mara ya nne akaniita nione chini ya karai: mchanga wa kujaza ncha ya kijiko, kama kiganja chake kilivyokuwa kimeahidi sokoni. Akazikaanga bila haraka hadi zikaanza kulia, ndipo vitunguu, ndipo zile nyanya tatu zilizoiva. Tulikula watu watano kwa kuon, ugali wa unga mchanganyiko wa mahindi na mtama, na dek iliyolazwa kwenye maziwa. Nusu ya omena ilibaki kwenye chombo, kwa siku mbili zilizofuata.

Kabla hajalala alifanya jambo la mwisho. Alilitoa gorogoro lake la nyumbani, la zamani, lililopauka maandishi yote, akazimimina humo omena zilizobaki, kisha akajumlisha kichwani kiasi tulichokula, alichokuwa amekipima kwa kikombe na kukikariri. Akatikisa kichwa kwa ridhaa. Kilele cha muuzaji kilikuwa kweli. Wiki ijayo atarudi kwake. Nikaelewa kwamba ukaguzi ule haukuwa wa shaka. Alikuwa anampa mwenzake alama anayostahili, mahali ambapo mwenzake hataiona.

Kati ya shilingi zangu 500, siku ya tatu ilinikuta na 140. Nimesafiri miji mikubwa nikiwa na mara kumi ya pesa hizo na nikalala njaa, kwa sababu nilijua kuuliza bei na sikujua kingine. Tumezoea kumsifu fundi wa mashua, fundi wa zeze, fundi wa nakshi za milango, na wanastahili. Lakini mwanamke anayejua mwezi uko wapi, mkebe umepondwa wapi, uzi utakatika lini na wapi aache faida ambayo angeweza kuichukua, naye ni fundi, na nyumba yake ndiyo kazi yake ya mkono. Kumwita mtu mwenye bahati ya kupata vitu rahisi ni kumkosea.

Basi ukifika Kombewa na begi mgongoni, usianze na bei. Weka mkono guniani, uache omena zidondoke, usome kiganja chako. Mwache muuzaji ajenge kilele chake hadi mwisho bila kumharakisha. Kisha mlipe alichotaja, na umwombe kwa adabu: medna.